Picha Isiyo na Macho

Jumatatu, 6 Oktoba

Udongo umekataa kukauka. Siku ya nne sasa. Maria, sanamu ya kanisa la Kaberebere, amesimama chini ya turubai, pua imeanza kulegea. Nimemshikilia kidevu asubuhi nzima kama mtoto mwenye homa. Mvua haina haraka. Mimi ninayo.

Mchana nikamwacha. Nikaosha mikono, nikatoa kisanduku cha rangi za maji. Kiliachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea alipoondoka hapa kambini Nakivale, pamoja na bunda la karatasi nene. Alisema zitanisaidia kuchora sanamu kabla ya kuzifinyanga. Sijawahi kuchora sanamu hata moja kwa rangi zile.

Leo nimemaliza picha. Ukubwa wa sinia. Hakuna mtu ndani yake, hakuna kilima, hakuna nyumba. Buluu inashuka kutoka juu, inakutana na wekundu wa udongo, zinagombana katikati, kisha kila moja inakwenda zake. Njano kidogo upande wa kulia. Kushoto nimeacha karatasi nyeupe. Huo weupe ndio ulionitoa jasho. Mkono ulitaka kuujaza, nikaukatalia.

Udongo unasubiri. Ukikosea unabomoa, unaanza tena. Rangi ya maji haisubiri. Ikishapita imepita.

Naandika waziwazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Mume wangu, Laurenti, anasoma Kirundi na Kifaransa. Kiswahili cha kuandikwa kinamchosha. Mimi nilikulia Kigoma, ndicho nilichosomea. Basi niandike: hii ni kazi bora kuliko zote nilizofanya maishani. Bora kuliko Maria. Mungu anisamehe.

Jumatano, 8 Oktoba

Penina amekuja kutoka Mbarara, kwa bodaboda, matope hadi magotini. Ni binti Mnyankole mwenye heshima, ndiye anayetengeneza maonyesho ya sanaa mjini wiki ijayo. Wasanii sita wa hapa kambini. Mimi peke yangu mfinyanzi.

Akachagua sanamu tatu. Mama mwenye mzigo kichwani. Mzee aliyeketi na redio. Wasichana wawili wanaosukana. Aliwapiga picha huku na huku, akasema mama mwenye mzigo atawekwa kwenye bango la tangazo. Nikafurahi. Siwezi kusema sikufurahi.

Halafu nikamletea karatasi yangu.

Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaiinamia.

"Mama Godeliva," akasema, "Mbarara watu wanajua wewe kwa sanamu. Hii watauliza ni nini."

"Waulize."

"Wewe utajibu nini?"

"Nitajibu wakiuliza."

Akacheka, lakini hakucheka na macho. Akasema nije nayo, nafasi ikipatikana ataiweka. Nafasi ikipatikana! Kama mtu anayepewa kigoda karibu na mlango harusini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Laurenti ameiona. Alikuwa anatafuta jembe, akainua ubao niliouweka juu ya karatasi.

Aliishika. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Juu ni wapi?"

Nikamwonyesha.

"Mungu alikupa mikono ya udongo," akasema. "Sanamu zako hata mtoto anazielewa. Hapa mimi sioni kitu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sababu imeniuma. Angesema kwa ubaya ningemjibu. Nikampikia maharage bila chumvi. Makusudi. Akala yote, akaenda kulima.

Hasira yangu imepoa sasa. Aibu kidogo imebaki, ya chumvi, si ya picha.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa ndefu. Baada ya misa watu wamenizunguka kama kawaida. Mama Sanamu, Mama Sanamu. Wameona picha ya Maria wa Kaberebere kwenye simu ya katekista, wanataka na wao. Niliwashukuru wote. Nilijisikia kama mtu anayesifiwa kwa nguo aliyovaa jana.

Si kwamba naidharau kazi hiyo. Nilianza nikiwa na miaka kumi na mitano, nafagia karakana ya Bruda mmoja mzee misheni kule Kigoma. Alikuwa anatengeneza watakatifu wa plasta. Siku moja mkono wa Mtakatifu Antoni ulivunjika, Bruda yuko safarini, nikautengeneza mwingine. Aliporudi akautazama mkono ule, akanipa aproni. Ufagio akapewa mwingine. Tangu siku hiyo ni udongo, plasta, saruji. Kigoma, kisha Burundi tuliporudi, kisha hapa, mwaka wa kumi sasa.

Nikahesabu leo wakati wa mahubiri, nisamehewe. Makanisa kumi na manne yana sanamu zangu. Katika yote hayo hakuna mahali jina langu limeandikwa. Mtakatifu haandikwi jina la fundi wake mgongoni. Ni haki. Sikuwahi kulalamika, na leo silalamiki.

Lakini jioni nimechukua kalamu ya risasi, nikaandika majina yangu yote mawili kwenye kona ya ile karatasi. Miaka hamsini na minne, mara ya kwanza.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumefika Mbarara, wasanii na abiria wengine kwa pikapu moja. Nimelala, nimeamka, mgongo bado uko barabarani.

Sanamu zilisafiri nyuma ya pikapu, zimefungwa kwa magodoro na majani ya migomba. Picha ilisafiri mapajani mwangu, katikati ya vipande viwili vya mbao nyembamba, juu yake nailoni, juu ya nailoni koti la Laurenti. Alinipa mwenyewe alfajiri, koti lake la misa. Hakusema ni la nini. Nilijua.

Kabla ya Kaberebere gari likazama kwenye tope. Mvua kubwa. Dereva ni Mkongomani, mtu wa kelele lakini mwema.

"Mama, shuka! Batu bote banasukuma!"

"Mimi sishuki."

"Mama, hata ule muzee wa nyuma ameshuka!"

"Na mimi nimesema sishuki."

Wanaume saba walisukuma, na mimi nimeketi mbele kama malkia, nimekumbatia mbao mbili. Walinitukana kwa lugha tatu, zote nazielewa. Sikujali. Tone moja lingetosha kuiharibu.

Walipomaliza niliwanunulia wote chapati Kaberebere. Dereva akala mbili, akaniuliza ndani ya koti kuna mtoto au kuna nini. Nikamwambia ni kazi yangu. Akasema basi ni sawa, hata yeye gari lake akiambiwa aliache kwenye mvua hatashuka.

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika haraka, mkono bado una hasira.

Ukumbi ni mzuri. Madirisha makubwa, kuta nyeupe. Sanamu zangu mbele kabisa, kila mtu akiingia anakutana nazo. Picha nilimkabidhi Penina jana. Leo asubuhi naitafuta, siioni. Nikaipata kwenye kijia cha kwenda chooni, juu ya meza ya vikombe.

Nafasi ikipatikana, alisema. Hiyo ndiyo iliyopatikana. Ningeweza kumeza.

Lakini chini yake kulikuwa na karatasi iliyochapwa kwa Kiingereza, mistari sita. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, ila neno la mkimbizi nalijua, liko kwenye kadi yangu. Nikamwita askari wa mlangoni, mzee mmoja mpole, anisomee.

"Wanasema hii inaitwa Machozi ya Mkimbizi," akasema. "Wanasema ni ule usiku ulivuka mto, maji mingi, mtoto kwa mgongo."

"Mto gani?"

"Hawakuandika mto gani, mama."

Sikuvuka mto wowote. Nilikuja kwa basi. Mchana. Watoto wangu walikuwa wakubwa, walibeba mizigo kuliko mimi. Niliyoyapata kabla ya basi nayajua mimi na Laurenti, na hayako kwenye karatasi ile. Nilichora nini? Nilichora asubuhi moja mvua ilipokatika kwa nusu saa. Nilikuwa nimeshiba, nilikuwa mzima, sina ninayemdai wala anayenidai, na mwanga ukaingia mlangoni ukiwa umelowa. Basi. Nilikuwa na furaha. Nilifurahi mpaka nikatafuta pa kuiweka.

Nikaenda kwa Penina. Alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa.

"Nani aliandika maneno yale?"

Akashuka polepole. "Mimi, mama. Wageni wakubwa wanakuja. Wanapenda kuelewa. Picha haina mtu, haina kitu, nikasema tuwasaidie kidogo."

"Umewasaidia kwa uongo."

"Si uongo sana, mama. Si wewe ni mkimbizi?"

"Ni mkimbizi. Mkimbizi hana ruhusa ya kuamka vizuri siku moja?"

Akaanza kukunja waya wa taa.

"Iondoe karatasi," nikasema. "Isipoondoka, naondoa sanamu zangu zote tatu."

"Mama! Sanamu yako iko kwa bango. Mji mzima umeona!"

"Basi mji mzima utakuja kuangalia meza tupu."

Nilisema hivyo, halafu nikaketi juu ya kreti ya yule mama mwenye mzigo. Niliketi pale. Penina alitoka nje na simu. Anarudi, ananiangalia, anatoka tena. Wasanii wenzangu walipita wakijifanya wanatafuta misumari. Mmoja aliniambia nisiharibu, nafasi kama hii hairudi. Anaweza kuwa na haki. Nilifikiri maonyesho haya yakinipita sitaitwa tena. Nilifikiri kurudi Nakivale na sanamu tatu, mbele ya watu walionisukumia gari. Niliogopa, naandika ukweli. Sikuinuka.

Penina akarudi. Akapita mbele yangu bila kusimama, akaenda kwenye kijia, nikasikia karatasi ikibanduliwa. Akarudi nayo imekunjwa mkononi.

"Nimekosa, mama," akasema. "Ningekuuliza kwanza."

Alikuwa na haya ya kweli. Binti mdogo namna ile kusema nimekosa mbele ya watu si jambo dogo. Nimempenda kwa hilo.

"Sasa tuandike nini?"

"Andika Maji. Chini yake majina yangu."

Akaandika kwa mkono wake, herufi nzuri. Halafu, bila mimi kuomba, akaitoa picha kule kwenye kijia, akaileta ukutani karibu na dirisha la pili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ufunguzi. Hotuba, soda, hotuba. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka.

Sanamu zilipigwa picha mpaka nikaona huruma. Mama mwenye mzigo alikumbatiwa na watu wasiomjua. Kila mtu alinipa mkono. Mbele ya dirisha la pili watu walipita kama wanavyopita mbele ya duka lililofungwa.

Bwana mmoja mwenye tai alisimama. Akaita mwenzake. "Hii hata mtoto yangu wa nasari anaweza." Wakacheka. Hawakujua niko nyuma yao. Iliniingia hapa, chini ya mbavu. Nilikwenda nje nikasimama kwenye ngazi kidogo. Nikajiuliza kama Laurenti ndiye aliyeona sawasawa tangu mwanzo. Nikarudi ndani. Nikaiangalia kama mgeni. Hapana. Ni nzuri. Ni nzuri, na mimi ndiye niliyeifanya.

Saa kumi watu wamepungua, akaingia Hajati Saida. Ana duka la vitambaa mtaa wa pili. Vile vitambaa vya mezani ni vyake, alikuja kuhakikisha havijamwagikiwa soda. Mwanamke mnene, mwendo wa taratibu, hijabu ya kijani. Anakagua kitambaa kimoja kimoja. Akafika dirisha la pili, akasahau vitambaa.

Alisimama. Akasogea. Akarudi nyuma hatua tatu. Akaweka mkoba wake chini sakafuni, na mwanamke mfanyabiashara haweki mkoba chini hovyo.

"Nani alifanya hii?" akauliza ukumbi mzima.

Nikasogea. "Ni mimi, Hajati."

"Wewe ndiye ya sanamu?"

"Ndiye huyohuyo."

"Sanamu yako ni mzuri. Sidanganyi. Lakini mimi nyumba yangu siweki kitu ina macho. Miaka mingi ukuta yangu iko tupu. Kuna Kaaba na kalenda, basi." Akanyoosha kidole, hakugusa. "Hii haina macho. Haina mdomo. Lakini inaongea."

Nikamuuliza inasema nini.

Akafikiri. Alifikiri kama mtu anayetafuta bei ya haki.

"Unajua kitenge mpya? Ile ya rangi kali. Siku ya kwanza unaweka kwa maji, rangi inatoka, inatembea ndani ya beseni, nyekundu inaenda kwa buluu. Wateja wanalia, wanasema Hajati umeniibia. Lakini mimi tangu mtoto napenda kuangalia. Mama yangu alikuwa ananipiga, nasahau kufua, naangalia maji tu." Akanigeukia. "Sijawahi kuambia mtu hiyo maneno."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye naye akacheka. Hakuna aliyeisema picha ile vizuri kuliko yeye. Hata mimi.

Akasema anaitaka. Tukaelewana kwa maneno machache. Ataichukua maonyesho yakiisha, na mimi mwenyewe nimfuate nyumbani kwake, maana anataka niseme itundikwe wapi.

Nimerudi hapa kwa dada wa parokia aliyenipa chumba. Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nimeuza. Najivuna. Nina huzuni pia, kidogo, kama ya kuozesha binti. Lakini majivuno ndiyo mengi, acha niyaandike hivyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Laurenti amekuja! Hakunipa habari. Amevaa shati jeupe bila koti, koti ninalo mimi. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

Nilimkuta amesimama dirisha la pili. Nilijificha nyuma ya sanamu, niseme ukweli. Nilitaka kumsikia.

Mama mmoja na binti yake walisimama karibu naye. Binti akauliza hii ni nini. Laurenti, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia mbegu, akavuta pumzi.

"Mimi sijui," akasema. "Lakini ile siku anafanya hii, mimi nilikuwa ndani, nimelala, mvua. Nilimsikia. Alikuwa anaimba."

"Nani?"

"Mke yangu. Sanamu akifanya haimbi. Sanamu anagombana nayo. Hii aliimba mpaka mwisho."

Sikujua. Sikumbuki kuimba wimbo wowote.

Alipogeuka akaniona. Aliuliza kama nimekula. Tukaenda kula samaki, yeye na mimi, mezani na uma kama watu wa mjini, akanisogezea kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda yeye.

Mezani alisema, akiangalia sahani: "Majina umeandika madogo sana. Mtu lazima ainame."

Jumanne, 21 Oktoba

Maonyesho yameisha, Laurenti amerudi nyumbani na sanamu mbili. Ya tatu imenunuliwa, imebaki Mbarara. Mimi nimebaki siku moja zaidi kwa ajili ya Hajati.

Nyumba yake iko upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Imetulia. Penina alinisindikiza mpaka getini, akapeana mkono nami kwa mikono miwili, akaenda kazini.

Hajati alikuwa ameshaitia kwenye fremu ya mbao isiyo na urembo. Tukaizungusha sebule nzima, yeye akishika huku mimi kule. Si mbele ya dirisha, jua litaila. Si karibu na jiko. Mwisho ukuta wa mashariki, urefu wa macho ya mtu aliyeketi. Msumari niliupigilia mwenyewe.

Akaniletea chai ya maziwa na mandazi. Tukaketi. Aliongea kidogo juu ya mama yake. Mimi nikaongea kidogo juu ya Kigoma. Halafu adhana ikasikika, akaniomba radhi, akaenda kuswali ndani.

Nikabaki peke yangu na ukuta.

Mkwe wa Hajati akaingia na kapu la nguo zilizokauka. Ni msichana aliyeolewa karibuni, hatukuwa tumejuana. Akanisalimia akijua ni mgeni wa mama mkwe tu. Akaanza kupita. Akaiona. Akasimama na kapu lake ubavuni, kichwa kimeinama upande mmoja. Akaangalia kwa muda. Hakuuliza ni nini. Hakuuliza ni ya nani.

Kisha akaenda na nguo zake chumbani.

Nilikaa. Chai ilikuwa bado ya moto. Nikainywa taratibu mpaka mwisho.